Katesh, Mji wa Chini ya Mlima

Msafiri atokaye Babati kwenda Singida huuona mlima wa Hanang kabla hajauona mji. Umesimama peke yake uwandani, na kilele chake aghalabu kimejitanda mawingu. Kimo chake ni mita 3,417, na asili yake ni volkano iliyozimika zamani sana. Katesh, makao makuu ya Wilaya ya Hanang, imejengwa miguuni pake hasa, hata mwenyeji afunguapo mlango asubuhi huukuta mlima mbele yake.

Utawala wa nchi hii zamani ulikuwa Mbulu, ambako Wajerumani waliweka boma lao mwanzoni mwa karne ya 20. Hanang ilitengwa na Mbulu mwaka 1969. Lakini wenyeji ni wa kale kuliko maboma yote. Wabarabaig, ambao ni tawi la Wadatoga, wamechunga ng'ombe kandokando ya mlima huu na ya ziwa la chumvi la Balangida tangu zama za babu zao. Na Wairaqw wameteremka kutoka milima ya Mbulu na majembe yao. Siku ya mnada wote hukutana, na mwenye kutaka kuijua Katesh na aende siku hiyo.

Katika miaka ya 1970 ilikuja ngano. Serikali, kwa msaada wa Kanada, ilifungua mashamba makubwa ya ekari zipatazo 100,000 katika nyanda za Basotu. Nchi ilipata mkate, ama Wabarabaig walipoteza malisho yao bora, hata wakaenda mahakamani katika miaka ya 1980. Sisi twaona khabari hiyo haistahili kusahauliwa kila isifiwapo ngano ya Hanang.

Siku hizi barabara ya lami yapita mjini, na nyumba zaongezeka kila mwaka. Nazo zaupanda mlima, kwani huko ndiko kwenye vijito na udongo mwema.

Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, mlima ulishuka. Wengi walidhani volkano imeamka. Wataalamu walipochunguza walisema sivyo: sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilikunywa maji mengi, ikameguka, ikageuka tope. Tope hilo lilifuata njia za mito likichukua mawe na magogo, likavipiga vijiji kama Gendabi, likaingia Katesh mpaka madukani. Watu zaidi ya 80 walifariki. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Kuna nyumba ambazo hakubaki mtu wa kusimulia.

Serikali iliwajengea manusura nyumba mahali pengine. Ama mji wenyewe haukuhama, wala hatuoni utahamia wapi, maana maji yake, kuni zake na mvua yake vyatoka mlimani. Linalobishaniwa ni kingo za makorongo. Mwenye kiwanja pale hana kingine, na korongo huwa kavu miezi mingi ya mwaka, watoto wakicheza ndani yake. Miti ya kuzuia udongo yaweza kupandwa leo. Lakini hukawia kukua, na masika huja kila mwaka.