Mwenye Pumu na Michezo ya Mbio

Baadhi ya wazazi hutujia chuoni wakatuomba tuwazuie watoto wao wasicheze mpira na wenzao, kwa sababu wana pumu. Ombi hilo latoka katika huruma, nasi twaliheshimu. Lakini yafaa ijulikane kwamba pumu iliyotunzwa vizuri haimfungii mtu uwanja. Mwingereza Paula Radcliffe ana pumu tangu utotoni, na mwaka 2003, mjini London, alikimbia marathoni kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 25. Hakupatikana mwanamke wa kuipita kasi hiyo hata mwaka 2019, alipotokea Brigid Kosgei wa Kenya.

Kifua humbana mkimbiaji kwa nini? Akienda mbio huvuta pumzi upesi na kwa kinywa, hata hewa isipate joto na unyevu wa puani. Mirija ya mapafu hukauka, na nyama zilizoizunguka hujikaza. Ajabu yake ni kwamba dhiki mara nyingi huzidi dakika 5 mpaka 10 baada ya kusimama, si katika mbio zenyewe. Ndiyo maana wengine humdhania mtoto kuwa anadeka!

Kwanza aonwe na daktari, maana si kila kuhema ni pumu. Dawa za kuvuta ni za namna mbili: ya kufungua kifua upesi, na ya kutuliza uvimbe wa ndani, itumiwayo kila siku kwa kadiri alivyoagiza daktari. Hii ya pili ndiyo wengi waiachayo waonapo nafuu, na hapo ndipo maradhi hurejea. Kabla ya mchezo kijana aanze kwa mwendo wa polepole, wala asiingie mbioni ghafula. Akibanwa, asilazwe, akae wima, avute dawa ya upesi. Akishindwa kusema, au midomo ikigeuka rangi, akimbizwe hospitali.

Mwalimu wa michezo naye aambiwe, na apewe jina la dawa. Mwaka 1972, mjini Munich, Mmarekani Rick DeMont, kijana wa miaka 16, alishinda mbio za kuogelea za mita 400, kisha akanyang'anywa medali, kwa kuwa dawa yake ya pumu ilikuwa na efedrini iliyokatazwa. Naye alikuwa ameitaja dawa hiyo katika karatasi zake! Siku hizi salbutamoli ya kuvuta yaruhusiwa kwa kiasi maalumu, lakini dawa nyingine za pumu zahitaji kibali. Basi aendaye mashindanoni aulize mapema.

Ama katika Ramadhani, wanavyuoni wamekhitalifiana kama dawa ya kuvuta yafunguza. Kijana amwulize shekhe wake pamoja na daktari, wala asiiache dawa kwa siri ili aonekane amefunga. Mgonjwa ameruhusiwa kula, akalipa siku nyingine.