Waini Gusii: Mteja Mkongwe, Glasi Tamu na Chupa Inayosubiriwa

Mteja mkongwe kuliko wote wa divai katika nchi ya Abagusii ni altare. Wamisionari Wakatoliki wa Mill Hill walipofungua misheni ya Nyabururu mwaka 1911, kikombe cha misa kilihitaji kinywaji ambacho hakuna aliyekitengeneza milimani hapa, na Kanisa halikukubali mbadala: lazima kitoke kwenye zabibu. Jimbo la Kisii likaundwa mwaka 1960, askofu wake wa kwanza akiwa Maurice Otunga, na mteja huyo hajayumba hadi leo. Upande wa pili, kutoka misheni yao ya Nyanchwa, Waadventista walifundisha kwamba zabibu ni halali, kuchachuka ndiko haramu. Meza yao ya Bwana hutumia juisi. Waumini wao ni wengi mno Kisii na Nyamira, na muuzaji wa vileo asiyewatoa kwanza kwenye hesabu zake atapata hasara.

Kinywaji kikongwe zaidi, lakini, ni amarwa, pombe ya wimbi. Wazee waliketi kuzunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake mrefu.

Duniani rekodi ya karibuni ya unywaji wa divai ni ya kushuka. Shirika la kimataifa la mizabibu na mvinyo, OIV, lilikadiria kuwa mwaka 2024 binadamu walikunywa lita bilioni 21.4 hivi, kiwango cha chini kabisa tangu 1961. Marekani ndiyo inayokunywa nyingi zaidi. Kwa hesabu ya kila mtu mzima, Ureno inaongoza kwa zaidi ya lita 60 kwa mwaka.

Wakati Ulaya inapunguza, kwetu soko linafunguka, na linafunguka kwa sukari. Harusini na kwenye bethidei za Kisii mjini, Keroka au Nyamira, chupa inayotamba ni ya Afrika Kusini, tamu na nyepesi, 4th Street ikiwa jina linalotajwa kwanza. Huletwa na KWAL, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1969 kama ya serikali na ambayo tangu 2023 imo mikononi mwa Heineken. Wajuzi huidharau ladha hiyo. Mimi naiheshimu, kwa sababu imemleta mezani mteja ambaye chungu cha wazee hakikumhesabu: mwanamke anayenunua kwa pesa zake na kuchagua anachokipenda. Boksi la lita 5 lenye bomba nalo limewezesha baa kuuza glasi moja moja, kwa asiyemudu chupa nzima.

Tungetaka kupanda zabibu zetu wenyewe, kuna rekodi nyingine inayotufunga mikono: mvua. Kisii hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Dodoma ya Tanzania, inayovuna zabibu mara mbili kwa mwaka, haifikishi 600. Mzabibu ukikaa na majani yaliyolowa miezi yote hushikwa na ukungu. Ardhi nayo haitoshi: sensa ya 2019 ilihesabu Kisii watu 957 kwa kila kilomita ya mraba, msongamano unaozidiwa na Nairobi, Mombasa na Vihiga tu.

Ila mgomba haudai shamba pana. Upo nyuma ya kila jiko, na ndizi zikijaa sokoni dalali hukadiria mkungu kwa macho na kutaja bei anayotaka. Arusha walilishughulikia jambo hili miaka ya 1990: Banana Investments ilianza kutia waini ya ndizi kwenye chupa, na chapa yao ya Raha inajulikana mbali. Ndizi mbivu, maji, sukari, hamira na subira ya wiki kadhaa; haikenekwi kama chang'aa, na ladha yake ni ileile tamu tunayoilipia kutoka ng'ambo. Nyamira tayari kuna vikundi vinavyosaga ndizi kuwa unga na kukaanga krisps. Mikono ipo. Kilicho adimu ni matangi safi, alama ya KEBS, na ada ya leseni ambayo kikundi cha akina mama kinaweza kuilipa. Hiyo ya mwisho iko mezani kwa serikali za kaunti za Kisii na Nyamira, na zinaweza kuipunguza kwenye bajeti ijayo.