Mchumba wa Mama Mbele ya Kijana (Sehemu ya Pili)

Wiki jana tulitazama vichekesho vya familia kwa jumla. Leo tumshughulikie mtu anayechekwa kuliko wote humo: mwanamume anayemposa mama mwenye kijana wake. Huja na mpira na chipsi, akitaka kujipendekeza; kijana akala chipsi zote na salamu asiitikie. Watazamaji wengi hudhani wanacheka ukaidi wa mtoto. Mimi naona kijana huyo ndiye mwenye akili timamu kuliko wote nyumbani. Hadithi na iwe ya Kiamaiko, Nairobi, ambako mbuzi kutoka Marsabit, Isiolo na Moyale hushushwa malorini kwenda vichinjioni. Mnunuzi pale hadanganyiki na sifa za muuzaji. Humpapasa mnyama mgongo na kiuno, ndipo akataja bei. Aliyekulia hapo akimkagua mchumba wa mama vivyo hivyo, kosa lake liko wapi?

Sheria ya Kenya yenyewe hukagua kwa namna iyo hiyo. Sheria ya Watoto ya 2001, kabla ya kuipisha ile ya 2022, iliruhusu mahakama kumwagiza baba wa kambo alipe matunzo, ila izingatie kwanza kama alimkubali mtoto kuwa wa nyumba yake, na kama alibeba mzigo huo hali akijua mtoto si wake. Sheria ya Urithi, kifungu cha 29, nayo humhesabu mtoto wa kambo miongoni mwa wategemezi iwapo marehemu alikuwa akimtunza hadi alipofariki. Cheti cha ndoa, basi, kinamfanya mtu mume wa mama. Ubaba anautafuta mwenyewe kwa karo na unga.

Atatokea wa kusema kwamba mtoto akipewa kura atamfukuza kila mposaji, na mama azeeke peke yake. Hoja hiyo haipuuziki, kwani mama naye ana haki ya kuolewa. Lakini kukagua si kupiga marufuku, na katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, mtoto ndiye asiye na mahali pa kumkimbia mgeni. Tena hofu yake mara nyingi ni kwamba baba mzazi atafutwa, nayo ina jibu. Ibara ya 53 ya Katiba ya 2010 huwapa mama na baba wajibu sawa, wawe wameoana au la, kwa hiyo harusi mpya haimpunguzii baba mzazi chochote. Kwa Waislamu, ambao Kiamaiko si haba, hata jina halibadiliki: Sura ya Al-Ahzab, aya ya 5, inaagiza watoto waitwe kwa baba zao.

Waandishi wa vichekesho, mwacheni kijana aulize maswali yake yote, na jasho limtoke mchumba. Wiki ijayo: baba mzazi anapobisha hodi.