Isiolo hadi Moyale na Trela: Panga Pesa Zako Kabla Mtandao Haujapotea

Ukitoka Isiolo kwenda Moyale, una kama kilomita 500 mbele yako. Utavuka Ewaso Ng'iro pale Archer's Post, upite Merille, Laisamis na Logologo, upande hadi Marsabit, halafu ushuke kwenye mawe meusi ya Dida Galgalu kuelekea Turbi. Zamani magari yalienda kwa msafara na askari, na safari ingeweza kula siku mbili au zaidi. Siku hizi ni lami, na wengi humaliza kwa siku moja.

Lakini ukivuta trela, nyika ni ile ile. Upepo wa Marsabit unayumbisha mzigo, ngamia wanavuka barabara bila haraka, na tairi likipasuka, fundi yuko mbali. Hapo unatoa simu na kukuta hakuna mtandao. Pesa unazo, lakini hazikusaidii. Menyu ya kawaida ya pesa kwa simu haihitaji intaneti, ila bila mtandao wa simu haifanyi kazi.

Kwa hivyo, jipange hivi.

Maliza malipo makubwa mjini. Jaza mafuta Isiolo, kisha ongeza Marsabit. Ukilipa kwa namba ya Till, soma jina la biashara kabla ya kuthibitisha malipo. Kama linatofautiana na lile ulilotarajia, simama na uulize.

Toa keshi kiasi. Wakala wa kituo kidogo anaweza kukosa floti, hata kama umeona bango lake. Toa pesa ukiwa Isiolo au Marsabit: za chai, za pancha, na za kulala usiku mmoja njiani. Chukua noti ndogo, maana chenji ni shida. Zinazobaki ziache kwenye simu, ni salama kuliko kuzifunga kwenye soksi.

Usitegemee simu moja. Beba pawabenki na chaja ya gari. Kama mko wawili, wewe na tanboi, tumieni laini za mitandao tofauti. Andika namba za bosi, za fundi na za huduma kwa wateja kwenye karatasi. Simu ikipotea, azima ya mwenzako upige laini yako ifungwe mara moja.

Muamala ukichelewa, usitume tena. Hili linaumiza watu wengi. Mtandao ni hafifu, meseji haijaingia, fundi amesimama anangoja, nawe unarudia kutuma. Baadaye meseji zinaingia mbili, umelipa mara mbili. Angalia salio kwanza. Kama mtandao umepotea kabisa, mpe keshi, au mkubaliane umtumie mkifika penye mtandao, na umsomee namba yake aithibitishe.

Jihadhari na meseji feki. Ukifika Marsabit, meseji zote huingia kwa mkupuo, nawe umechoka. Ndipo unapigiwa: "Boss, nimekutumia kimakosa, nirudishie." Usirudishe chochote kwa haraka. Angalia salio lako mwenyewe. Kama kweli pesa zimeingia, mwambie aombe zirudishwe kupitia huduma kwa wateja. Na PIN ni yako peke yako. Hata tanboi mliyekula naye miaka mitano haimhusu.

Moyale ni miji miwili. Upande wa pili ni Ethiopia, na pesa yao ni birr. Lipa, tuma na toa pesa zako ukiwa bado upande wa Kenya, kabla laini haijashika mtandao wa kigeni. Kubadilisha pesa, nenda benki au duka lenye leseni, usikubali anayekufuata barabarani.

Kabla ya kuwasha injini pale Isiolo, utakagua tairi, taa na kiungo cha trela. Ongeza dakika tano ukague salio, chaji na keshi. Safari njema!