Mwanafunzi Akizidiwa na Dawa za Kulevya Shuleni, Mzazi Ajulishwe Lini?

Mwanafunzi ameanguka bwenini. Haamki, anapumua kwa shida na midomo yake imebadilika rangi. Wenzake wanasema alikula keki yenye bangi na kumeza tembe alizopewa na rafiki. Je, shule imwite nani kwanza?

Jibu ni hospitali kwanza, kisha mzazi saa hiyo hiyo. Ingawa shule za msingi na za sekondari ziko chini ya Serikali ya Kitaifa, Katiba imezipa kaunti vituo vya afya, huduma za ambulensi na udhibiti wa dawa za kulevya. Kwa hivyo jambo hili linatuhusu sote.

Matibabu hayamsubiri mzazi. Ibara ya 43 ya Katiba inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Ambulensi inaposubiriwa, mwanafunzi alazwe kwa ubavu na asiachwe peke yake. Asipewe maziwa wala maji ya chumvi, na asilazimishwe kutapika. Tembe au pakiti zilizobaki zipelekwe hospitali pamoja naye.

Kwa nini mzazi apigiwe mapema? Daktari anahitaji kujua kama mtoto ana kifafa, pumu au kisukari, na dawa anazotumia kila siku. Mara nyingi mwenye majibu hayo ni mzazi. Isitoshe, wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni. Shule isipopiga, mzazi atasikia kwa uvumi.

Anayepiga simu aseme mambo manne: kilichoonekana, saa kilipotokea, hospitali alikopelekwa mtoto na mwalimu aliye naye. Asitaje dawa ambayo haijathibitishwa wala kumlaumu mtoto. Kumwambia mzazi kuwa mtoto "ana homa kidogo" ili kulinda jina la shule ni hatari, kwa sababu mzazi huyo hataharakisha wala hatatoa habari ambazo daktari anazihitaji.

Wazazi wengine je? Nao waarifiwe, kwa sababu tembe kama hizo huenda zimo katika masanduku ya wanafunzi wengine. Lakini taarifa hiyo isiwe na jina, darasa wala picha ya mtoto. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda habari za watoto na za afya. Kundi la WhatsApp la wazazi si mahali pa kumtaja mgonjwa.

Wajibu wako, mzazi au mlezi. Simu ya shule haitakufikia ikiwa nambari uliyoandikisha mtoto alipojiunga na shule haitumiki tena. Shule zinapofunguliwa, hakikisha ofisi ina nambari yako ya sasa na ya mtu wa pili unayemwamini. Ijulishe pia kuhusu ugonjwa wowote alio nao mtoto.

Mtoto akipona, usianze na kiboko. Mtoto anayeogopa kupigwa au kufukuzwa shule atanyamaza hata anapomwona mwenzake akizidiwa. Muulize alipata wapi dawa hizo na nini kilimfanya azitumie, kisha mtafute msaada pamoja.

Kwa ushauri bila malipo, piga 1192, nambari ya NACADA kuhusu pombe na dawa za kulevya, au 116, nambari ya kuwasaidia watoto.