Kilomita 226 na Fadhila ya Kadiri

Miongoni mwa mashindano yaliyobuniwa na wanadamu katika karne ya ishirini, ni machache yanayomtwisha mtu wa kawaida, mwenye kazi ya kumlisha na jamaa wa kuwatazama, taklifu kubwa kama ile ya triathloni ndefu, ambayo humtaka aogelee kilomita 3.8, apande baiskeli kilomita 180, kisha akimbie marathoni kamili ya kilomita 42.195, yote hayo kwa siku moja, na aghalabu kabla ya kutimia saa 17 tangu aingie majini. Asikiaye hesabu hiyo kwa mara ya kwanza hudhani kwamba mchezo huu umewekewa majabari peke yao, na kwamba mwalimu, mwuguzi au karani hana fungu ndani yake. Dhana hiyo si sahihi, kwani wengi wa wale wanaoufikia mwisho wa safari hiyo ni watu wa ridhaa, wasiolipwa hata senti. Na kinachowafikisha si nguvu za ajabu bali ni kadiri, yaani kujua kiasi cha kufanya leo, kiasi cha kuachia kesho, na kuwa na subira ya kurudia mambo madogo kwa miezi mingi.

Asili ya mashindano haya si ya kale. Tarehe 25 Septemba 1974 klabu moja ya wakimbiaji wa San Diego, katika jimbo la California nchini Marekani, ilifanya shindano fupi la kukimbia, kupanda baiskeli na kuogelea katika ghuba ya Mission, na miongoni mwa walioshiriki alikuwamo John Collins, ofisa wa jeshi la maji la Marekani, pamoja na mkewe Judy. Miaka michache baadaye, walipokuwa wakiishi Hawaii, yalizuka mabishano baina ya wakimbiaji na waogeleaji kuhusu nani aliye na mwili ulio imara zaidi. Na Collins akatia neno kwamba huenda mpanda baiskeli akawapita wote. Ili kuyakata mabishano hayo, aliunganisha masafa ya mashindano matatu yaliyokuwapo tayari katika kisiwa cha Oahu, yaani uogeleaji wa Waikiki, mzunguko wa baiskeli wa kisiwa kizima na marathoni ya Honolulu. Tarehe 18 Februari 1978 wanaume 15 walianza na 12 wakamaliza, wa kwanza wao akiwa Gordon Haller, aliyetumia saa 11, dakika 46 na sekunde 58. Mwaka uliofuata Lyn Lemaire akawa mwanamke wa kwanza kumaliza, tena akawa wa tano katika jumla ya washindani wote. Mwaka 1981 shindano hilo, lijulikanalo kwa jina la Ironman, lilihamishiwa Kona, penye upepo mkali na nyanda za mawe meusi yaliyotemwa na volkano, nalo likaenea ulimwenguni.

Triathloni ya masafa mafupi, ya kuogelea kilomita 1.5, baiskeli kilomita 40 na mbio za kilomita 10, iliingizwa katika Michezo ya Olimpiki huko Sydney mwaka 2000. Katika janibu zetu, mwaka 2022 shindano la nusu ya masafa marefu, la kuogelea kilomita 1.9, baiskeli kilomita 90 na mbio za kilomita 21.1, lilifanyika Rubavu nchini Rwanda, kwenye ufuko wa Ziwa Kivu, hatua chache kutoka Goma. Kwa hiyo mwenyeji wa Afrika ya Mashariki anayetamani mchezo huu hana tena sababu ya kuuona kuwa ni jambo la watu wa mbali.

Anayetia nia na aanze kwa daktari, apimwe moyo, damu na shinikizo lake, hasa akiwa amepita umri wa miaka arobaini au akiwa amekaa muda mrefu bila mazoezi. Akishapata ruhusa, ajue kwamba mtu mwenye msingi mdogo huhitaji muda usiopungua miezi sita, na ni bora zaidi kuupata mwaka mzima, akianza na saa tano au sita kwa wiki na kupanda taratibu hadi saa kumi au kumi na mbili katika wiki zilizo nzito. Wahenga walisema kwamba papo kwa papo kamba hukata jiwe, na hakuna pahali ambapo neno hilo ni kweli kuliko hapa. Kwani misuli huzoea mapema, lakini mishipa inayoifunga kwenye mifupa, na mifupa yenyewe, huchelewa, na mwenye pupa hujikuta na goti linalouma au kifundo kilichovimba mara tu anapoanza kujiona shujaa. Ndiyo maana walimu wengi wa mchezo huu hupandisha mzigo kwa wiki tatu, kisha huuteremsha wiki ya nne, mwili upate wasaa wa kujijenga. Maana zoezi huuvunja mwili kidogo, na ni mapumziko yanayourudisha ukiwa imara kuliko ulivyokuwa.

Jambo ambalo wageni wa mchezo huu huliona zito kuliamini ni kwamba sehemu kubwa ya mazoezi yapasa kuwa mepesi. Mtaalamu Stephen Seiler, aliyewachunguza wanariadha mahiri wa michezo ya ustahimilivu, alikuta kwamba takriban asilimia 80 ya mazoezi yao hufanywa kwa mwendo wa taratibu, na sehemu ndogo iliyobaki ndiyo hufanywa kwa kasi. Kipimo cha mwendo huo hakihitaji chombo cha thamani: ikiwa mtu aweza kuzungumza sentensi kamili na mwenziwe bila kuhema, yumo katika kiasi. Katika mwendo huo moyo huzoea kusukuma damu nyingi kwa kila pigo, vishipa vidogo huongezeka ndani ya misuli, na mwili hujifunza kuunguza mafuta yake, ambayo ni akiba kubwa kuliko ile ya wanga. Anayekimbia kila siku kwa kasi ya kati, si polepole na si kwa haraka hasa, huchoka sana na hufaidika kidogo.

Katika michezo hii mitatu, kuogelea ndiko kunakowatisha wengi, na ndiko ambako nguvu peke yake haina msaada. Maji ni mazito mno kuliko hewa, na ayapigaye kwa hasira hupoteza pumzi bila ya kusonga mbele. Ilhali aliyejifunza kuulaza mwili sawasawa, kichwa kikitazama chini, nyonga zikiwa juu na pumzi ikitolewa majini kabla ya kugeuza uso, huteleza kwa juhudi ndogo. Inafaa basi mwanafunzi atafute mwalimu katika bwawa, kwani kosa lililozoeleka ni gumu kuling'oa. Baada ya bwawa itambidi ayazoee maji ya wazi, yasiyo na ukuta wa kushika wala mstari wa kufuata, ajifunze kuinua macho kila baada ya mapigo machache ili alione boya lake, na azoee kuwa katikati ya watu wanaogusana mikono na miguu. Anayefanya mazoezi pwani na aijue bahari kama wavuvi wanavyoijua, atofautishe bamvua na maji mafu, aulize mkondo unavutia wapi wakati wa kupwa, wala asiingie peke yake hata siku moja, awe hodari namna gani.

Baiskeli huchukua karibu nusu ya muda wote wa shindano na mara nyingi zaidi ya nusu, na kwa sababu hiyo hula sehemu kubwa ya saa za mazoezi. Si lazima iwe ya bei kubwa; lililo lazima ni kwamba kiti na usukani vipimwe vilingane na mwili wa mpandaji, maana inchi moja ya makosa, ikirudiwa kwa mizunguko maelfu ya pedali, huharibu magoti na mgongo. Mpandaji avae helmeti siku zote, ajifunze kuziba pancha mwenyewe, na katika barabara zetu, ambamo malori na pikipiki havimwachii nafasi, achague alfajiri na njia zisizo na msongamano. Kila wiki awe na safari moja ndefu, ikipanda kidogo kidogo hadi ifikie kilomita 150 au zaidi. Katika mashindano mengi ya masafa marefu ni marufuku kujificha nyuma ya baiskeli ya mwingine ili kukwepa upepo, na kwa hiyo na ajizoeze kuukabili upepo peke yake.

Mbio nazo, ingawa zaonekana sahala kwa kuwa kila mtu amewahi kukimbia, ndizo zinazojeruhi watu wengi, kwa vile kila hatua huubebesha mguu uzito mwingi kuliko uzito wa mwili. Kwa hiyo mkimbiaji wa ridhaa hana haja ya kukimbia marathoni nzima mazoezini. Mbio ndefu za saa mbili na nusu, au kilomita 30 hivi, zatosha. La muhimu zaidi ni kuunganisha michezo miwili, ateremke kwenye baiskeli na papo hapo akimbie dakika ishirini au thelathini, kwa sababu miguu iliyozungusha pedali kwa saa nyingi huwa mizito na haijui namna ya kukanyaga, na mzoevu huivuka dakika hizo bila fadhaa.

Kuna mchezo wa nne usiotajwa katika jina, nao ni kula. Wanga uliohifadhiwa katika misuli na ini hautoshi kwa zaidi ya saa mbili hivi za jitihada kubwa, na mafuta ya mwili peke yake hayawezi kuuziba upungufu huo kwa upesi unaotakiwa. Kwa hiyo mshindani hana budi ale safarini, na kiasi kinachopendekezwa aghalabu ni gramu 60 hadi 90 za wanga kwa kila saa. Ndizi mbivu ya wastani ina takriban gramu 25, na tende, viazi vitamu vilivyochemshwa na maji ya sukari yenye chumvi kidogo hufaa, mradi tumbo limezoezwa, kwa kuwa tumbo nalo hufundishwa kama misuli. Katika lile shindano la kwanza la mwaka 1978, John Dunbar alikuwa amemtangulia Haller, lakini wasaidizi wake waliishiwa na maji wakati wa marathoni wakampa bia, naye akapitwa akawa wa pili. Aliyekuwa na nguvu za kushinda alishindwa na upungufu wa kitu kidogo. Lakini kunywa maji kupita kiasi nako kuna hatari yake, maana huizimua chumvi ya damu, na mtu hupatwa na kichefuchefu, kichwa kuuma na kuchanganyikiwa, hata akaweza kufa. Kadiri, basi, hutakiwa hata katika kikombe cha maji.

Tumesema habari za mwili, na zimebaki habari za nyumba. Saa kumi za wiki haziteremki kutoka mbinguni. Hutolewa katika usingizi, katika baraza, katika muda wa mke, mume na watoto. Usingizi usiguswe, maana ndimo mwili hujitengeneza, na anayelala saa tano huku akizidisha mazoezi anajidhulumu. Haki ya jamaa nayo isiguswe bila mashauriano: na akae nao kabla hajalipa ada ya shindano, wakubaliane ni siku gani atatoka alfajiri na ni siku gani atakuwa wao kabisa. Mwenye kufunga Ramadhani asiuone mwezi huo kuwa kizuizi. Apunguze masafa, afanye zoezi jepesi karibu na magharibi au baada ya kufuturu, na safari ndefu aziahirishe hadi Shawwal.

Wiki mbili au tatu za mwisho mazoezi hupunguzwa hadi karibu nusu, ingawa kasi kidogo huachwa ili mwili usisinzie. Hapo wengi huingiwa na wasiwasi, wakadhani kwamba wanapoteza walichokichuma, wakatoka kwenda kujipima kwa nguvu. Na siku ya shindano huanza wakiwa wamechoka. Aliye na busara hutulia. Siku yenyewe huogelea pasipo papara, hupanda baiskeli kwa mwendo anaouona kuwa mdogo, huwaacha wenye haraka wampite, na huiweka hazina yake kwa kilomita 20 za mwisho za mbio, ambapo wale waliompita asubuhi huanza kutembea.

Kwamba njia hii haiwafai vijana peke yao, mtawa Madonna Buder wa Marekani ametoa ushahidi. Alianza kukimbia akiwa karibu na umri wa miaka hamsini, na mwaka 2012, akiwa na miaka 82, alikamilisha shindano zima huko Kanada ndani ya saa zilizowekwa. Hakuna nguvu za ujana zinazoweza kuelezea jambo hilo. Linaelezwa na miaka zaidi ya thelathini ya mazoezi yaliyopangwa, yasiyokatika na yasiyopita mpaka.

Kwa hiyo msomaji anayeitamani safari hii nampa nasaha ya kuianza kwa shindano fupi, la kuogelea mita 750, baiskeli kilomita 20 na mbio za kilomita 5, kisha apande ngazi moja baada ya nyingine, mwaka baada ya mwaka, bila ya kuona haya kwa udogo wa mwanzo wake. Atakapoifikia kilomita ya 226 atapewa medali, nayo ni haki yake. Lakini faida iliyo kubwa atakuwa ameipata kabla ya siku hiyo, katika afya yake, katika mpangilio wa saa zake, na katika tabia ya kulitenda jambo kwa kiasi na kulidumisha. Tabia hiyo hutumika katika kila kazi ya mwanadamu, na kwa ajili yake tu mchezo huu wastahili jitihada zote zinazotumiwa juu yake.