Batri haifi siku moja

Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, vita ilipofika Goma, laini za umeme zilikatika na mji ukakaa siku kadhaa gizani, bila maji. Sehemu kubwa ya umeme ule inatoka huku kwetu Rutshuru, kwenye kituo cha Matebe. Kilianza kazi mwezi wa 12, 2015, na nguvu yake inazidi megawati 13.

Laini ikikatika, wote tunarudi kwa batri: hospitali, duka, na antena za simu pia. Antena ikizimika, baba aliye kwenye machimbo hawezi kupiga simu nyumbani wala kutuma pesa ya chakula.

Ndiyo maana wenye antena hawangojei batri ife. Wanafunga juu yake vifaa vidogo vinavyopima volti, joto, na umeme unaoingia na kutoka. Vipimo vinapita kwa rezo hadi kwenye kompyuta mjini.

Volti peke yake inadanganya. Batri ya volti 12 iliyochoka inaweza kuonyesha 12,6 ikipumzika, lakini ukiipa kazi inaanguka mara moja. Kompyuta inafuata anguko lile, tena inalinganisha kila batri na wenzake, kwa sababu moja dhaifu inaharibu zote. Joto nalo linaua: batri ya asidi ikikaa kwenye digrii 35 badala ya 25, maisha yake yanapungua karibu nusu.

Lakini kompyuta haiwezi kubadilisha batri. Barabara ikifungwa, fundi hafiki, na onyo linabaki kwenye kompyuta.

Nyumbani kwenye sola, kipima volti na daftari vinatosha. Masaa mawili baada ya jua kuzama, kila kitu kikiwa kimezimwa, pima. Washa taa na redio, ngoja dakika 10, pima tena. Andika namba zote mbili kila juma. Kabla ya kuwasha, 12,7 ni batri imejaa. 12,2 iko nusu, usiishushe zaidi. Kama taa ni zile zile lakini tofauti kati ya namba mbili inakua, anza kuweka pesa ya batri nyingine.

Na wewe mchimbaji: usichaji batri ya asidi ndani ya chumba cha kulala, wala karibu na moto au sigara. Gesi yake inalipuka.